Alama ya Kuuliza ya Mto Khan: Miaka ya Kazi ya Mama Magrieta Uiras

Siku ya Jumanne, tarehe 30 Septemba 2025, saa kumi jioni, Mama Magrieta Uiras atafunga droo ya mwisho katika chumba cha ramani na kukabidhi funguo. Atakuwa ameitumikia ofisi hii kwa miaka thelathini na minane, miezi saba na siku ishirini na nane. Hesabu hiyo ni yake. Mimi nilikuwa nimeandika "karibu miaka arobaini"; akaiona rasimu kwenye mashine ya kuchapia, akaizungushia duara la penseli na kuandika pembeni: Karibu ni ngapi? Tangu hapo karatasi hizi zimefichwa kwenye kabati la vifagio, mahali pekee ambapo haingii tena.

Kumbe hukohuko kwenye vifagio ndiko alikoanzia. Tarehe 2 Februari 1987, akiwa na miaka ishirini na mmoja, alifika Windhoek kutoka Usakos, ambako baba yake alikuwa fundi wa reli, akaajiriwa kufagia chumba cha wachoraji. Masharti yalikuwa mawili: afute meza zote kila asubuhi, na asiguse karatasi yoyote. Wachoraji walikaa upande mmoja wa meza, yeye akisimama upande wa pili na kitambaa chake. Alijifunza kusoma ramani kichwa chini, kwa sababu ndivyo alivyoziona kila siku. Hadi leo ukimtandazia ramani mbele yake sawasawa, kwanza ataigeuza.

Mwaka 1989 bomba lilipasuka darini, na shiti mia tisa, yaani karatasi kubwa za ramani, zikaokolewa kwa haraka na kurundikwa kwenye ukumbi wa kulia chakula. Yeye aliambiwa azirudishe kwenye droo zikikauka. Hakuna aliyekumbuka kumweleza namba zinavyofuatana. Basi akazipanga kwa mito: Swakop na vijito vyake droo moja, Kuiseb droo nyingine, Ugab nyingine, kuanzia vilimani mpaka baharini. Mkuu wa wakati ule alikasirika wiki nzima. Alipomwita kumhoji, alijibiwa kwa upole kwamba ramani zimepangwa jinsi maji yanavyoteremka, bwana, na kama kuna njia nyingine yuko tayari kufundishwa. Wiki ya pili mkuu huyo alihitaji ramani sita za bonde moja, akazipata zote kwenye droo moja bila kuinua kichwa. Mpangilio haujabadilika tena.

Baada ya uhuru nafasi za mafunzo zilifunguliwa, naye akaomba uchoraji. Katika mtihani wa kwanza alipata sifuri kwenye swali la kontua, ile mistari inayoonyesha miinuko, kwa sababu badala ya kulijibu alimwandikia mtahini: "Kwa mistari hii maji yatapanda mlima. Je, ndivyo mnavyotaka?" Mtahini alikaa na karatasi ile siku mbili, akagundua kwamba michoro ya swali ilibandikwa kinyume. Sifuri ikawa alama zote. Sisi tuliokuja nyuma yake tulikuta hadithi hiyo ikisimuliwa kwenye foleni ya chai, na kila msimulizi alimwongezea mtahini ndevu.

Nimetaja chai. Wageni wa leo wajue kwamba kikombe hakivuki mstari mwekundu uliobandikwa sakafuni, hatua sita kutoka meza ya ramani. Mstari huo aliuweka yeye. Waziri mmoja aliyetutembelea alikunywa chai yake akiwa amesimama kwenye korido, huku maswali yake yakijibiwa kwa sauti ya juu kutoka ndani.

Lakini ofisi hii ikimtaja Mama Uiras, wapima ardhi wa nchi nzima hukumbuka jambo moja: shiti ya Mto Khan. Nililishuhudia, na kwa bahati mbaya nililisababisha kidogo. Acheni nilisimulie vizuri.

Ramani ya kwanza ya kipande kile cha mto ilichorwa na Mjerumani aitwaye Traugott Lohmeier mwezi Agosti 1909. Alitembea na nyumbu wanne wa mizigo, darubini ya kupimia, na mwongozaji wa huko ambaye daftari la Lohmeier linamwita Petrus tu. Ni ramani nzuri ajabu. Kila kilima kimetiwa kivuli kwa mkono, kila shimo la shaba lina alama ya nyundo, na mto wenyewe, mkavu mwaka mzima isipokuwa siku chache, umechorwa kwa nukta za mchanga. Upande wa kusini, chini ya mlima mmoja mweusi, Lohmeier aliweka duara dogo, akaandika "maji", na mbele yake akatia alama ya kuuliza.

Mwaka 1932 mgodi mmoja wa shaba, ambao sasa umefungwa, ulinakili ramani hiyo kwa matumizi yake. Aliyenakili hakuiweka alama ya kuuliza, labda kwa haraka, labda hakuona umuhimu wake. Mwaka 1979 ilipochapwa shiti mpya kutokana na picha za ndege, duara lilihamishwa kutoka kwenye nakala ya mgodi na kupakwa rangi ya buluu. Kwa hiyo katika miaka sabini, bila mchoraji yeyote kwenda kutazama, shaka ya Lohmeier ikawa kisima.

Mama Uiras alianza kulifuatilia duara lile mwaka 1996. Siku hiyo alikuwa akipanga masanduku ya karatasi yaliyotoka kwenye mgodi uleule, akakuta barua ya msimamizi ya Novemba 1934. Ilikuwa na mistari minne. Ilisema kwamba kibarua aitwaye Shoombe, kutoka kaskazini, alitumwa na punda wawili kuchota maji mahali palipoonyeshwa kwenye ramani. Punda wote wawili walirudi. Shoombe hakurudi. Maji hayakuonekana mahali hapo.

Aliniambia miaka mingi baadaye kwamba alisoma barua ile akiwa amesimama, kisha akatafuta kiti. Kilichomshangaza hakikuwa kosa. Makosa kwenye ramani alishayazoea. Alijiuliza Lohmeier alikunywa nini. Mtu na nyumbu wanne walikaa siku tisa kwenye kipande kile cha mto, mwezi Agosti, na daftari halisemi popote kwamba waliishiwa maji. Basi maji yalikuwepo. Yalikuwa wapi?

Aliandika ombi la kwenda kupima. Alijibiwa kwamba hakuna gari. Akakata kijikaratasi, akaandika swali lake, akakibandika kwenye shiti ya 1979 juu ya duara la buluu, na kuendelea na kazi.

Hapa ndipo ninapoingia mimi. Nilianza kazi mwaka 2001, kijana wa kompyuta mwenye haraka, na mwaka 2003 nilipewa kuhamishia shiti zote za Khan kwenye mfumo mpya. Kijikaratasi kilikuwa kinazuia skana. Nilikibandua nikakitupa. Sikukisoma. Duara likaingia kwenye kompyuta likiwa la mviringo kamili na lenye buluu kuliko lilivyowahi kuwa, na mimi nikasifiwa kwa kumaliza kabla ya muda.

Machi 2007 ilikuja barua ya kampuni ya madini. Siku hizo kila mtu alikuwa anatafuta urani, na kampuni hiyo ilikuwa imepata mahali pa kuchimba kaskazini mwa mto. Ilitaka korongo moja la kumwagia taka za mgodi, na ilihitaji tamko la ofisi yetu kwamba ndani ya korongo hilo hakuna chanzo cha maji. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja. Ramani ilionyesha maji upande wa kusini, kilomita saba kutoka hapo. Tamko lilikuwa limeshaandikwa. Lilibaki kutiwa sahihi na mtunza kumbukumbu, yaani Mama Uiras.

Hakutia. Alishinda siku mbili juu ya picha za ndege za mwaka 1964, akizitazama mbili mbili kwa ile miwani inayofanya milima isimame. Siku ya tatu aliniita, akaniachia kiti, akaniuliza naona nini. Nikasema mawe. Akaniambia nitazame migongoni mwa vilima, taratibu. Ndipo nikaona mistari, myembamba kama uzi, ikitoka pande zote.

"Ni njia za mbuzi na pundamilia," alisema. "Nimehesabu kumi na nne. Zifuate uniambie zinakwenda wapi."

Nilizifuata kwa ncha ya penseli. Hata moja haikuelekea kwenye duara la kusini. Zote kumi na nne zilikutana kwenye mdomo wa korongo la kaskazini, lile lile la kampuni.

Kisha akafungua daftari la Lohmeier. Alikuwa amejifunza Kijerumani kwa kamusi, kwa miaka kumi, kwa ajili ya daftari lile tu. Alinisomea maandishi ya tarehe 17 Agosti: nyumbu wamekuwa wakaidi kwenye mdomo wa korongo la tatu, yaani hilohilo la kaskazini, wamekataa kupita, Petrus amewachapa sana, tumeondoka kwa haraka. Siku iliyofuata Petrus alimpeleka kusini, akachimba mchanga mpaka kwenye kiwiko, akamwonyesha unyevunyevu, akasema miezi mingine maji hujaa. Lohmeier, mtu mwaminifu, aliandika "maji" na kutia alama ya kuuliza.

Mama Uiras alifunga daftari akaniuliza kwa nini mtu amchape nyumbu mwenye kiu aliyesimama, badala ya kufurahi kwamba amenusa maji. Halafu akaniuliza, kwa sauti ileile, kama namfahamu mtu aliyebandua kijikaratasi chake mwaka 2003.

Nikamwambia ni mimi.

"Sawa," akasema, "basi utaendesha gari wewe."

Mkuu wetu alitupa gari kwa siku tatu, akaongeza kwamba tukirudi mikono mitupu, sahihi itatiwa Ijumaa. Tulifika mtoni Jumanne adhuhuri, kwenye nyumba za ukoo wa Goagoseb, familia kumi na mbili zenye mbuzi. Wenyeji wetu walikuwa Ouma Justine Goagoses (ni jina lilelile la ukoo, ila la mwanamke huishia na s), bibi wa miaka sabini na minane, na mpwa wake Gotthard. Ouma alitupa chai yenye maziwa ya mbuzi, akamsikiliza Mama Uiras mpaka mwisho, tena kwa lugha yao wenyewe wote wawili, kisha akasema kwamba kwenye korongo lile hakuna kitu ila nyoka.

"Si nyie ndio wenye ramani?" aliuliza. "Ramani yenu inasema maji yako wapi?"

Mama Uiras akamwambia yako kusini, chini ya mlima mweusi.

"Basi nendeni huko mkanywe."

Gotthard aligeukia mbuzi ili tusimwone anacheka.

Nilikuwa na kifaa cha kupimia mfukoni, na korongo lilikuwa mwendo wa saa moja na nusu. Nilipendekeza twende wenyewe, tupime, turudi. Mama Uiras alikataa. Alisema tukienda wenyewe huenda tukayapata maji, lakini hatutakuwa na jina lake wala ruhusa ya mtu, na atakachoandika kitakuwa cha wizi. Siku ya kwanza ikaisha hivyo, na nakiri kwamba niliinung'unikia.

Jumatano alishinda zizini akiwashika mbuzi huku Gotthard akiwapa dawa ya minyoo. Kabla ya chakula alitandaza mchoro wa kampuni juu ya boneti ya gari. Ouma alikuja na fimbo yake, akautazama muda mrefu, akaweka kidole kwenye sehemu iliyopakwa kijivu, akauliza hiki ni nini.

"Taka za mgodi, Ouma. Mawe yaliyosagwa na tope lake. Zitajaza korongo kuanzia nyuma mpaka mdomoni."

"Watakuja kuziondoa lini?"

"Haziondolewi."

Ouma alirudi ndani. Tulipokula nyama ya mbuzi na ugali saa nane, alianza kusimulia bila kuulizwa. Yule Petrus alikuwa babu yake. Jina lake lilikuwa Naobeb. Wajerumani walimwita kila mtu Petrus. Alimzungusha mzungu siku mbili kwenye jua, akawachapa nyumbu wasimfichue, kisha akamchimbia shimo mahali ambapo hata mjusi hakai. Kila mbuzi alipochinjwa katika ukoo ule hadithi hii ilisimuliwa, na watoto walijua pa kucheka: pale Naobeb anaponusa mchanga mkavu na kutikisa kichwa kama mtaalamu. Karibu miaka mia ukoo mzima ulijua kwamba ramani ya serikali ina uongo wa babu yao, na kila toleo jipya lilipotoka, mtu fulani alikwenda mjini Swakopmund kuhakikisha kwamba bado umo.

Tulicheka sote. Gotthard aliigiza nyumbu. Mama Uiras alicheka pia, ila nilimwona akigusa mkoba wake, ambamo nilijua kuna nini, kisha akauacha.

Chakula kilipoondolewa, Ouma alimgeukia.

"Babu yangu aliyalinda maji kwa kuyasogeza kwenye karatasi," alisema. "Wewe unataka niyalinde kwa kuyaonyesha. Wakishayaona hawa wenye magari, unafikiri yatabaki yetu?"

"Sijui, Ouma. Siwezi kukuahidi. Ninachojua ni kwamba nikiandika hayapo, watayafukia na hawatakuwa na kosa. Kosa litakuwa langu."

Jioni yote Ouma alizungumza habari za mbuzi tu.

Alhamisi asubuhi, siku yetu ya mwisho, tulimkuta ameshaketi kwenye kiti cha mbele cha gari, amevaa viatu vya shughuli. Nilimpeleka mpaka mdomo wa korongo. Kutoka hapo tulitembea, yeye mbele, akipumzika kila alipotaka na kutukataza kumshika mkono. Kuta za mawe meusi zilisogeleana mpaka tukatembea mmoja mmoja. Mwisho wake kulikuwa na jiwe bapa lililolala kama paa, na chini yake maji, kidimbwi kisichozidi ukubwa wa mlango, baridi na yaliyotulia. Ukingoni jiwe lilikuwa limelika sehemu mbili, laini kabisa, mahali ambapo watu wamepiga magoti tangu sijui lini. Mama Uiras alipiga magoti palepale akanywa. Aliponyanyuka alikuwa na maji kidevuni na alisahau kuyafuta.

Tulipima. Kina chake sentimita sitini na moja. Akatoa daftari, akauliza jina.

"Anigams," alisema Ouma. Maji ya ndege. Gotthard alimwandikia herufi moja moja. Ouma alitaka kuona litakavyokaa kwenye ramani, Mama Uiras akamwonyesha kwa ncha ya kalamu. Bibi akasikitika kwamba ni padogo hivyo. Kisha akaomba jambo moja. Akasema duara la babu nalo liachwe kule kusini, kwa kumbukumbu. Halimdhuru mtu.

Nilitazama chini. Mama Uiras alikaa juu ya jiwe kando yake, akafungua mkoba, akatoa nakala ya barua ya 1934. Aliisoma kwa lugha yao, polepole, mistari yote minne. Baadaye nilimuuliza kwa nini hakuitoa Jumanne, tukaokoa siku mbili. Alisema hakutaka mtu alipe deni la babu yake kwa kutoa maji. Alitaka maji yatolewe kwa hiari kwanza, na ukweli usemwe kwa sababu ni ukweli.

Sisi wote tulikuwa tumetulia kiasi kwamba kasuku wadogo wenye nyuso nyekundu walishuka, wakanywa mbele ya miguu yetu na kuruka tena.

"Umesema anaitwa nani huyo mtu?" Ouma aliuliza.

"Shoombe."

Alilitamka jina, akalirudia mpaka likamkaa mdomoni vizuri. Katika hadithi yote ile iliyochekesha watu miaka tisini na minane, hakuna aliyewahi kulisikia.

"Lifute," alisema. "La babu lifute."

Sahihi haikutiwa Ijumaa ile. Badala yake mkuu alikuta mezani kwake taarifa ya kurasa nne, picha sita na chupa ndogo ya maji. Kampuni ilisema ni uvumi wa wafugaji, ikatuma mtaalamu wake wa maji. Mtaalamu alikwenda, akapima, akaandika kwamba chemchemi ipo na haikauki. Mvutano uliendelea miezi mitano. Mwishowe taka zilipelekwa kwenye uwanda wa mawe kilomita kumi na moja kaskazini, ambako hakukuwa na njia ya mbuzi hata moja; Mama Uiras alihakikisha mwenyewe kwa ile miwani.

Shiti mpya ilitoka mwaka 2009. Kazi ya kulifuta duara la kusini nilipewa mimi. Ilikuwa kubonyeza kitufe kimoja, na nilikaa mbele ya kompyuta nusu saa kabla ya kukibonyeza. Yeye alikuwa amesimama nyuma yangu, nje ya mstari mwekundu, na kikombe chake.

Sitaficha kwamba mambo hayakwenda vizuri kote. Nafasi ya kuongoza kitengo cha kumbukumbu, ambayo wote tuliijua kuwa yake, mwaka ule alipewa mtu mwingine. Hakuambiwa sababu, na yeye aliyeuliza kila kitu hakuiuliza hiyo. Aliipata mwaka 2012. Na Ouma Justine hakukosea: magari yalikuja Anigams, na chupa za plastiki zikaja nayo. Gotthard alijenga ukuta wa mawe kwenye mdomo wa korongo na kuweka kibao, na sasa wageni wanapita kwanza nyumbani kwake. Kila mara Mama Uiras alipopata habari za takataka alikwenda na mifuko, siku ya mapumziko, kwa gari lake. Ouma alifariki mwaka 2014. Gotthard anasema Ouma hakuwahi kujuta. Anasema pia kwamba kila aliyekwenda kuteka maji alipewa kwanza hadithi yote, pamoja na sehemu mpya.

Kuhusu Shoombe, barua ilikuwa na jina moja tu na namba ya kibarua. Kwa namba ile Mama Uiras aliandika barua ishirini na tatu, kwa makanisa, kwa ofisi za kumbukumbu, kwa wazee wa vijiji. Mwaka 2011 alipata jibu kutoka karibu na Oniipa. Kwa kuwa mimi ni wa kaskazini, aliniomba nifuatane naye nimtafsirie. Binti yake Shoombe alikuwa bado hai, kipofu, mwenye miaka themanini. Alikuwa na miaka mitatu baba yake alipoondoka. Maisha yake yote aliambiwa kwamba baba alipata mke mwingine migodini akawasahau. Mama Uiras alimsomea barua, nami nikatafsiri. Yule mama aliomba isomwe tena pale penye punda. Kisha akasema, "Kwa hiyo alikuwa kazini," akatuagizia uji wa mtama. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na minne na sijawahi kutafsiri sentensi nzito kuliko hiyo.

Ningeweza kuendelea. Amewafundisha wachoraji thelathini na mmoja, saba kati yao wakiwa wakuu wa idara mahali pengine, na wote wanageuza ramani kichwa chini kabla ya kuisoma, jambo linalowashangaza waajiri wao. Ameokoa na kuorodhesha daftari za wapima ardhi mia mbili na arobaini. Ni kwa sababu yake kila shiti yetu mpya ina safu pembeni inayoitwa "Hatuna hakika", ambamo mchoraji analazimika kuandika kila asichokiona kwa macho yake. Mwanzoni wakubwa waliogopa kwamba safu hiyo itatuaibisha. Sasa watumiaji wa ramani huanza kwa kuisoma hiyo.

Mwanawe Ewald na wajukuu zake watatu wanamsubiri Usakos, ambako amejenga nyumba yenye, tumeambiwa, rafu nyingi kuliko vyumba. Lakini hataanzia huko. Mwezi Agosti Gotthard alipiga simu kutoa taarifa ya kila mwaka ya kina cha maji, na safari hii kipimo kilikuwa kimeshuka kwa upana wa kiganja. Mvua ilikuwa nzuri. Taka ziko mbali. Hakuna anayejua sababu. Tulisikia maswali kutoka ofisini kwake kwa dakika arobaini: je, mti gani umeota juu ya jiwe, nani amechimba kisima, tetemeko lilitokea lini, ndege ni wengi kuliko mwaka jana au wachache. Alipokata simu alikuwa na uso wa mtu wa miaka ishirini na mmoja. Atastaafu Jumanne, Alhamisi asubuhi ataondoka Windhoek kwenda Anigams na fimbo yake ya kupimia.

Mama Uiras, tunakushukuru kwa kila droo, kwa kila penseli uliyotuchongea, na kwa kila mara uliyotukatalia sahihi. Mimi binafsi nakushukuru kwa lile swali la kijikaratasi uliloniuliza mara moja tu na hukulirudia tena. Uwe na afya, uwe na miguu yenye nguvu na siku ndefu zisizo na ratiba ya mtu. Gari la ofisi limeombwa kwa ajili ya Alhamisi na limekubaliwa. Nitaendesha mimi.

Vilho Shikesho
Kitengo cha Uchoraji, kwa niaba ya wafanyakazi wenzako